Kabla ya dawa, fukua uone mizizi

Barua za safari hii nimezisoma mara mbili, ya kwanza haraka haraka, ya pili kalamu mkononi. Kila nilipokuta neno "dawa" nilipiga mstari. Nipige dawa gani, dawa ipi ina nguvu zaidi, dawa niliyopiga mbona haijasaidia. Mistari ilijaa ukurasa hadi ukurasa. Neno "mizizi" nililikuta katika barua moja tu, na hilo limenisikitisha, maana mimea mingi inayofia mikononi mwa watu wanaoipenda huanza kufa kwa chini, kusikoonekana. Nimechagua barua sita. Kabla hujaendelea kusoma tafuta koleo dogo la mkono, kisu kikali na glasi ya maji safi. Utavihitaji.

*Shikamoo Bibi. Minyanya yangu ilikuwa inapendeza, imefika kiunoni na imeanza kutoa maua. Jumatatu mmoja ulilegea mchana, jioni ukajiinua. Jumatano haukujiinua tena. Leo ni mitano, yote upande mmoja wa tuta, na majani bado ya kijani kibichi. Namwagilia asubuhi na jioni, nimetia na mbolea ya chumvichumvi, sioni nafuu. Au ni jua? (Mkulima mpya)*

Marahaba, mwanangu. Si jua. Jua lingelegeza tuta zima, na likizama minyanya yote ingesimama. Kilichonishtua ni maneno yako mwenyewe, kwamba majani bado ya kijani kibichi. Mmea wenye njaa hupauka kwanza. Mmea uliokaa na kiu siku nyingi hukauka kingo za majani. Huu wako umelala na rangi yake yote, tena juu ya udongo uliolowa. Maji yapo ila hayapandi. Kuna kitu kimeziba mirija ndani ya shina.

Chagua mmea ulio hoi kuliko yote. Kata shina karibu na ardhi, upate kipande cha urefu wa kidole. Kining'inize ndani ya glasi ili ncha ya chini iguse maji, kisha usiitikise glasi. Ngoja dakika tano. Ukiona uzi mweupe kama wa maziwa ukiteremka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria, na mwenye kuuleta anaitwa Ralstonia solanacearum. Uzi ule ni bakteria wenyewe wakimiminika. Siku ya kwanza kuuona nilibaki nimeinama juu ya glasi mpaka maji yote yakageuka ukungu.

Usipouona, pasua shina kwa urefu. Mistari ya kahawia ndani, pamoja na majani yanayogeuka njano kuanzia upande mmoja wa mmea, huelekeza kwenye mnyauko fuzari, ambao ni wa kuvu. Shina likiwa safi, ng'oa mmea taratibu usuuze mizizi. Uvimbe kama shanga ulioungana na mzizi wenyewe ni kazi ya minyoo fundo. Usiuchanganye na vinundu vya mharage, maana hivyo hukaa ubavuni mwa mzizi, ukivisugua kwa kidole hubanduka, na kinundu kilicho hai ukikipasua ndani ni cha rangi ya waridi. Hivyo viacheni, vinailisha mimea yenu.

Kwa jinsi ulivyokwenda haraka na kushika upande mmoja, nahisi ni bakteria. Glasi ikithibitisha, nakusihi usinunue chochote. Mmea ambao umeshaingiliwa hauna dawa ya kuuponya. Ng'oa yote mitano pamoja na udongo unaoshikilia mizizi, itie mfukoni, wala usiipeleke kwenye shimo la mboji. Ugonjwa huu husafiri na maji na udongo. Kama mfereji wako unapita kwa wagonjwa kwenda kwa wazima, uzibe leo. Osha jembe, kisu na soli za viatu kwa sabuni, halafu kisu ukifute kwa spiriti. Mahali hapo kwa miaka kadhaa usirudishe nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo, maana zote ni ukoo mmoja na zote huugua. Panda mahindi au vitunguu.

Najua inavyouma kung'oa mmea wenye maua. Mwaka mmoja niliionea huruma miche mitatu nikaiacha wiki moja zaidi. Mvua ikanyesha, maji yakashuka na tuta, nikapoteza kila kilichokuwa chini yake.

*Bibi, naandika kwa uchungu. Marehemu baba aliniachia asumini kwenye chungu, na aliitunza kuliko kitu chochote. Miezi miwili iliyopita niliihamishia kwenye chungu kikubwa kizuri, nikaweka na sahani chini yake. Sasa majani yanageuka njano kuanzia chini na kudondoka, matawi yamelegea kama yana kiu. Kila nikiona jani la njano naongeza maji. Sijaruka hata siku moja. Nakosea wapi? (Binti wa baba)*

Pole sana, mwanangu. Nimeshinda na barua yako siku nzima. Ile sentensi ya kwamba hujaruka hata siku moja ndiyo yenye jibu. Asumini ya baba inazama.

Mizizi hupumua. Hewa yake imo katika vinafasi vidogo vilivyo kati ya chembe za udongo. Ukimwaga maji vinafasi hujaa, na maji yakichuruzika hewa huingia nyuma yake. Ukimwaga tena kesho, na kesho kutwa, kabla ya maji ya jana kwisha, hewa haipati zamu yake. Mizizi huishiwa pumzi na kufa, kisha vimelea vinavyopenda majimaji hukamilisha kuozesha. Na mzizi uliooza haunyonyi. Ndiyo maana mmea unaozama na mmea wenye kiu hufanana kwa juu, yote imelegea, na mtu mwenye mapenzi huona kiu akaongeza maji. Mimi niliupoteza mwaridi wa mama yangu kwa njia hiyohiyo, nikiwa na hakika kabisa kwamba nauokoa. Kwa hiyo nakujibu kwa kirefu.

Chungu kikubwa kimezidisha. Mizizi ni michache, udongo ni mwingi, na udongo usio na mizizi ya kuunywa hukaa umelowa siku baada ya siku. Sahani nayo inayarudisha maji ambayo yangetoka.

Sasa hivi itoe asumini chunguni. Laza chungu ubavu, kigongegonge, vuta kwa kushika kitako cha shina, usivute matawi. Nusa kwanza. Udongo mzima hunuka kama ardhi baada ya mvua, uliooza hunuka kama maji yaliyolala kwenye ndoo. Kisha tazama mizizi. Iliyo hai ni myeupe au ya rangi ya krimu, imekaza. Iliyokufa ni ya kahawia iliyoiva au nyeusi, na ukiivuta kwa vidole ganda huvuka ukabaki na uzi. Suuza mpira wa mizizi kwa maji ya vuguvugu kidogo, kata kila kilichooza hadi ufike penye weupe, na uwe unafuta kisu kwa spiriti baada ya kila mikato michache.

Usiirudishe kwenye chungu kile. Tafuta kinachozidi mizizi iliyobaki kwa upana wa vidole viwili, chenye tundu chini. Tia udongo mpya mwepesi, mboji iliyochanganywa na mchanga wa chembe nene. Wengi watakuambia utandike kokoto chini ili maji yatoke vizuri. Usifanye. Maji hayapendi kushuka kutoka udongo laini kwenda kwenye mawe, huning'inia juu ya mawe yale, na kwa hiyo tope unalolikimbia linasogea juu kuifuata mizizi. Tundu moja lisilozibwa linatosha.

Mizizi ikiwa imepungua nusu, punguza na matawi, kwanza yaliyolegea kabisa, ili iliyobaki isibebeshwe mzigo wa majani yote. Mwagilia mara moja hadi maji yatoke chini, yamwage, kisha weka chungu mahali penye mwanga bila jua kali. Mbolea usitie mpaka uone majani mapya, kwa sababu chumvi ya mbolea huunguza mizizi iliyojeruhiwa. Kuhusu maji ya kila siku, acha kufuata siku. Zamisha kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka na udongo wenye unyevu, ondoka. Baada ya wiki mbili utaanza kuijua kwa uzito, ukinyanyua chungu tu utajua.

Kuna kazi nyingine ambayo naomba uifanye leo hiihii kabla ya kulala, hata kama mizizi utaikuta nzuri. Chagua matawi manne au matano yasiyolegea, yasiyo laini sana wala magumu kama kuni, ukate vipandikizi vya sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo, pale jani linapochipuka. Ondoa majani ya chini, acha mawili ya juu, chomeka kwenye mchanga mbichi wenye mboji kidogo, funika kwa mfuko unaopitisha mwanga, weka kivulini. Asumini hushika kwa vipandikizi. Kikishika kimoja tu, hiyo itakuwa asumini ileile ya baba yako, si mbegu yake wala ndugu yake.

*Bibi, mlimau wangu uko karibu na ukuta tuliopiga plasta mwaka jana. Majani machanga yanatoka ya njano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Yale ya zamani hayana neno. Jirani anasema nitie chumvi ya Epsom. (Mama mlimau)*

Jirani ameona ugonjwa unaofanana na huo, lakini kwenye majani mengine. Chumvi ya Epsom ni magnesiamu. Mmea ukipungukiwa magnesiamu huihamisha kutoka majani ya zamani kwenda kwa machanga, kwa hiyo wazee ndio huwa wa njano. Madini ya chuma mmea hauwezi kuyahamisha hivyo. Yakikosekana, machanga ndiyo huteseka. Wewe umesema ya zamani hayana neno, basi ni chuma.

Na pengine chuma kimejaa tele kwenye udongo wako. Fukua karibu na ukuta, nadhani utakuta vipande vya plasta na unga wa saruji. Humo mna chokaa, chokaa hupandisha pH, yaani kipimo cha uasidi wa udongo ambacho hupanda asidi ikipungua, na pH ikishapita 7 chuma hufungika hata mizizi isikipate. Ondoa vifusi vyote unavyoviona, tandaza mboji kwa upana wa matawi, na majivu usiyasogeze hapo, kwa kuwa nayo hupandisha pH. Ukitaka kuuharakishia mti, tafuta mbolea ya chuma iliyoandikwa EDDHA. Ile ya EDTA huachia chuma mapema kwenye udongo wa chokaa, ikawa umemwaga bure. Tazama majani yatakayochipua baada ya hapo, hayo ndiyo yatakayosema kama umepona.

*Bi mkubwa, mpera wangu umejaa masizi meusi juu ya majani. Nimepiga dawa ya ukungu mara tatu. Masizi yanarudi. Sisimizi nao hawaishi kupanda na kushuka.*

Wafuate sisimizi, wanajua waendako. Geuza majani uangalie chini yake na kwenye makwapa ya matawi. Utakuta vidung'ata vyenye unga mweupe kama pamba, au wadudu gamba waliojibandika kama vipele, au vidukari. Hao hunyonya utomvu na kutoa majimaji matamu, majimaji hudondokea majani ya chini, na masizi, ambayo ni kuvu, huota juu ya utamu huo. Kuvu wale hawauli mpera, isipokuwa wanaunyima mwanga. Sisimizi hula utamu, na kwa malipo huwafukuza wadudu marafiki ambao wangewala wale wanyonyaji.

Chukua lita moja ya maji, tia vijiko viwili vya chai vya sabuni laini ya maji isiyo na dawa ya kung'arisha. Jaribu tawi moja, ungoje siku mbili. Lisipoungua, nyunyiza mti mzima jioni, hasa chini ya majani, kwa sababu sabuni huua mdudu inayemgusa tu. Rudia baada ya wiki. Pogoa matawi yanayogusa ukuta au mti mwingine, halafu zungushia shina kitambaa ukipake kitu cha kunata ili sisimizi wasipande. Sumu kali usipige, utawaua wale marafiki kwanza. Masizi yataanza kubanduka yenyewe.

*Pilipili hoho zangu zinapata doa jeusi kitakoni, linazama kama ngozi kavu. Nimezika maganda mengi ya mayai, bado. Namwagilia nikipata nafasi.*

Jibu limo kwenye "nikipata nafasi". Kinachokosekana kitakoni ni kalsiamu, hapo wasomaji wengi wako sahihi, ila kalsiamu husafiri ndani ya maji tu, na majani yanayotoa mvuke huivuta kuliko tunda. Udongo ukikauka siku nne kisha ukafurikishwa, kitako cha tunda ndicho kinachokosa. Ganda la yai huchukua muda mrefu mno kuoza, matunda ya msimu huu hayatalipata. Matunda yenye madoa yachume, hayatapona. Weka matandazo ya nyasi kavu ya unene wa vidole vinne, mwagilia kwa kina na kwa mpango, punguza mbolea yenye naitrojeni nyingi. Matunda yatakayotunga baada ya hapo yatatoka safi.

*Dada, salaam. Mwembe niliopanda mwaka juzi, uliobebeshwa (tawi lililounganishwa juu ya mche mwingine), haukui. Majani yalitoka madogo madogo, sasa yamepukutika yote. Mizizi haionekani, shina linaingia ardhini kama nguzo. Mke wangu anasema niung'oe nipande mwingine. Nimeshindwa kuamua.*

Kaka yangu, ahsante kwa kuitaja mizizi. Kwenye hilo neno "nguzo" nilisimama.

Mti uliopandwa vizuri hutanuka pale unapoingia ardhini, kama mguu wa tembo, na mizizi ya kwanza huanza pale pale juu. Shina linaloingia limenyooka limezikwa. Ganda la shina halikuumbwa kukaa kwenye unyevu, huoza taratibu, na mizizi iliyofukiwa chini sana hukosa hewa kwa sababu ileile niliyomweleza binti wa baba. Mti wa namna hiyo unaweza kudumaa miaka miwili kabla ya kuanguka, na mwenyewe akalaumu mbolea.

Lakini kwanza tujue kama bado u hai. Anza kwenye ncha ya tawi, kwaruza ganda kwa ukucha, kidogo tu. Chini yake kukiwa na kijani chenye unyevu, tawi li hai. Kukiwa na kahawia kavu, teremka kiganja kimoja ukwaruze tena, uendelee hivyo hadi ukutane na kijani. Kata kila kilichokufa juu ya hapo.

Kisha piga magoti, ufukue kuzunguka shina kwa vidole, si kwa jembe, mpaka ufikie mzizi wa kwanza mnene. Ikiwa umeshuka sentimita tano au kumi, ondoa udongo huo kwa upana wa hatua moja pande zote, uuache wazi, na uuelekeze mtaro ili maji yasituame pale. Ukiwa umeshuka zaidi ya hapo, bora uuinue mti mzima wakati wa mvua na kuupanda upya kimo chake. Ukikuta mzizi umejizungusha kwenye shina kama kamba, tabia ambayo miti hutoka nayo kwenye mifuko ya miche, ukate, vinginevyo utakaba shina kadiri yote mawili yanavyonenepa. Matandazo weka, ila yasiguse shina, yaache umbali wa kiganja.

Sasa kuhusu kubebeshwa. Tafuta kovu la kiungo, huwa chini kwenye shina, mahali pana kifundo au pamejipinda kidogo. Kijani ukikikuta juu ya kovu, hata pawe ni kipande cha vidole vitatu, mwembe wako unaweza kurudi, na chipukizi litakalotoka hapo ndilo la kutunza. Kijani kikiwa chini ya kovu peke yake, kitakachochipua ni mti wa chini uliobebea, si embe ulilolichagua, na hapo mke wako ana haki. Mwambie wifi angoje hadi umalize kukwaruza.